Swevu, mekanamu au kifaru: jibu kwa mwalimu mlezi wa klabu ya roboti, Dodoma

Swali: "Mimi ni mwalimu wa fizikia na mlezi wa klabu ya roboti kwenye sekondari moja hapa Dodoma mjini. Tunajiandaa kwa mashindano yanayofuata kanuni za FIRST Tech Challenge na tumebakiwa na wiki 11. Kazi ya roboti ni kuokota vipande sakafuni na kuvipanga kwenye rafu tatu zilizo pembeni mwa kiwanja. Tuna mota nane za mizunguko 312 kwa dakika, magurudumu manne ya mpira, mawili ya omni, seti moja ya mekanamu ya milimita 96 tuliyoachiwa na klabu nyingine, na printa moja ya 3D. Wanafunzi wangu 14 wameona video za roboti za swevu na hawataki kusikia kingine. Naogopa hatutamaliza, lakini pia sitaki kuwavunja moyo. Tufanye nini?"

Mwalimu, salaam, na pole na kazi. Kulea vijana 14 wenye hamu moja si mzigo mdogo.

Nianze na uamuzi wenyewe usije ukautafuta huko chini. Msimu huu jengeni kwa mekanamu, yale magurudumu yenye rola zilizolala kimshazari ukingoni. Chasisi iwe inatembea ifikapo mwisho wa wiki ya tatu, isizidi hapo. Swevu nayo, ile chasisi ambayo kila gurudumu lina usukani wake, msiifukuze: vijana wawili wenye kiu kuliko wenzao wapewe moduli moja, yaani gurudumu moja pamoja na mota na usukani wake, waijenge mezani, pembeni, bila ruhusa ya kuiingiza kwenye roboti ya mwaka huu. Sasa nieleze nimefikaje hapo, maana ukiwapelekea wanafunzi uamuzi mtupu wataona umewakatalia tu. Ukiwapelekea sababu wataweza hata kunipinga, na wakinipinga kwa hesabu nitafurahi.

Tuangalie kwanza kinachowavutia kwenye zile video. Roboti inatoka kona hii kwenda kona ile huku inazunguka kama pia, inasimama mbele ya lengo, inateleza kidogo kulia, kazi imekwisha. Wanachokiona pale ni uhuru: kwenda mbele na nyuma, kwenda upande kama kaa, na kugeuka, yote matatu kwa wakati mmoja. Uhuru huo mekanamu inao wote. Hakuna njia ambayo swevu inaweza kuipita sakafuni ambayo mekanamu haiwezi. Swevu inachoongeza juu ya uhuru huo ni mshiko: inasukuma kwa nguvu zake zote upande wowote, na inakwenda upande kwa kasi ileile ya kwenda mbele. Nimekutana na vijana wengi waliodhani wanatamani swevu kumbe wanatamani kwenda upande, na walipoishika mekanamu mkononi ubishi ukaisha palepale.

Kwa hiyo maswali ni mawili. Je, kazi ya mwaka huu inahitaji kwenda upande? Na kama inahitaji, je, mnahitaji pia ule mshiko wa ziada kiasi cha kuulipia kwa wiki sita za kazi? La kwanza linajibiwa kwa chaki, la pili kwa kalamu na karatasi.

Chaki kwanza. Sogezeni madawati mchore kiwanja sakafuni, mraba wenye upande wa mita 3.66. Rafu ziwe viti. Katoni ikatwe mraba wa sentimita 45, kwa sababu kanuni inataka roboti ianze ndani ya inchi 18, yaani sentimita 45.7. Mwanafunzi mmoja aingie ndani ya katoni aishike kiunoni, mwingine ashike saa ya dakika mbili za dereva, wa tatu awe na daftari. Mzunguko wa kwanza katoni iende kwa sheria za kifaru, yaani chasisi ya magurudumu ya kawaida isiyo na usukani: mbele, nyuma, kugeuka papo hapo, basi. Kila anapofika kwenye kiti akakuta amekosea kwa upana wa kiganja, arudi nyuma, ageuke, asogee, ageuke tena. Mwenye daftari aweke alama na aandike sekunde zilizopotea. Mzunguko wa pili mruhusuni aende kaa.

Fanyeni hivyo mara tano kwa watu watano tofauti, kisha jumlisheni. Kwa kazi ya rafu kama yenu ninatarajia alama nyingi kwenye mzunguko wa kwanza, kwa sababu kila safari inaishia mbele ya kitu kinachotaka mkao sahihi. Kama kazi ingekuwa kukusanya mipira na kuimwaga kwenye boma pana, alama zingekuwa chache, na ningekuambia ujenge kifaru ulale usingizi. Alama zenu zikitoka pungufu ya tatu kwa mchezo mmoja, puuza ushauri wangu wa mekanamu na ubaki na kifaru. Nasema hivyo kwa dhati. Kifaru si roboti ya wanyonge.

Na hata mkiamua vingine, kifaru kijengeni kwanza. Mna magurudumu manne ya mpira na mawili ya omni. Wekeni mawili ya mpira nyuma na omni mbili mbele. Sababu ni hii: chasisi ya kifaru haina usukani, inageuka kwa upande mmoja kwenda mbele na mwingine kurudi nyuma, na ili igeuke lazima baadhi ya magurudumu yaburutwe kiubavu. Mpira unaoshika vizuri haukubali kuburutwa. Ukiweka manne ya mpira kwenye chasisi ndefu utaiona inadundadunda inapogeuka, mota zinalia, betri inashuka. Omni, yenye rola ndogo zilizolala kwenye ukingo wake, inakubali kuserereka upande bila ugomvi, kwa hiyo roboti inageukia kwenye magurudumu yake ya nyuma kama toroli. Kazi hiyo ni ya siku mbili. Mkiwa nayo, watu wa programu wana kitu cha kuendesha wiki ya kwanza, na watu wa mkono wana kitu cha kubebea mkono wao wakati chasisi ya kweli inajengwa.

Sasa mekanamu. Gurudumu hili lilibuniwa na mhandisi wa Sweden, Bengt Ilon, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo lipo kwenye mashine za kubebea mizigo mahali ambapo hakuna nafasi ya kugeuza. Ukingo wake umejaa rola zilizolazwa kwa pembe ya nyuzi 45. Gurudumu likizunguka linasukuma kimshazari, nusu mbele nusu upande. Magurudumu yote manne yakienda mbele, misukumo ya upande inauana na unabaki na mwendo wa mbele. Yale ya kona moja na kona inayokabiliana nayo yakienda mbele na mengine mawili yakirudi nyuma, misukumo ya mbele inauana na roboti inakwenda kaa. Mwambie kila mwanafunzi achore mishale hiyo minne kwa mkono wake kabla ya kugusa programu. Wewe ni mwalimu wa fizikia, hakuna somo la vekta litakalokaa kichwani mwao kuliko hilo.

Kosa la kwanza linalofanywa na karibu kila timu ni kufunga magurudumu vibaya. Seti ina magurudumu mawili ya mkono wa kulia na mawili ya mkono wa kushoto, na yanafanana. Ukiitazama roboti kutoka juu, rola unazoziona lazima zichore herufi X. Zikichora umbo la almasi, roboti itakwenda mbele vizuri na mtafurahi, kisha itakataa kugeuka au itageuka kwa taabu, na watu wa programu watalala darasani wakitafuta kosa ambalo halipo kwenye programu yao.

Kosa la pili ni chasisi isiyo sawa. Mekanamu inategemea magurudumu yote manne kukanyaga. Chasisi ikipinda hata milimita mbili, gurudumu moja linabeba uzito kidogo kuliko mengine, na roboti inapokwenda upande inajigeuza taratibu. Waiweke chasisi juu ya kioo cha dirisha au meza ya marumaru, wapitishe karatasi chini ya kila gurudumu. Karatasi ikipita kwa ulaini chini ya moja na kukwama chini ya mengine, fungueni bolti zote, kazeni upya roboti ikiwa imekaa chini kwa uzito wake. Betri nayo, ambayo ndiyo kitu kizito, ikae katikati.

Programu yake ni mistari minne. Mbele tuite m, upande wa kulia u, kugeuka kulia g. Gurudumu la mbele kushoto linapata m + u + g, la mbele kulia m − u − g, la nyuma kushoto m − u + g, la nyuma kulia m + u − g. Jibu lolote likizidi 1, ambayo ndiyo nguvu yote ya mota, yote manne yagawanywe kwa lile kubwa, la sivyo roboti itapinda ikiwa kwenye kasi. Mkishamaliza hapo, tumieni jairoskopu, kipima mgeuko kilichomo ndani ya kontrola (kompyuta ndogo ya roboti), kuzungusha amri za dereva, ili "mbele" iwe mbele ya kiwanja wakati wote, hata kama pua ya roboti imeelekea mlangoni. Hicho ndicho kile kitu cha kichawi walichokiona kwenye video, na mtakipata wiki ya nne bila moduli hata moja ya swevu.

Kalamu sasa, tupime kama mshiko mnaoukosa ni wa kuulilia. Mizunguko 312 kwa dakika ni 5.2 kwa sekunde. Gurudumu la milimita 96 lina mzingo wa sentimita 30 na nukta kadhaa. Zidisha: mita 1.57 kwa sekunde. Ukitoa mwili wa roboti, safari ndefu kabisa ya kuvuka kiwanja moja kwa moja ni mita 3.2. Hata ukiongeza muda wa kuchapuka na kusimama, ni kama sekunde tatu. Roboti ya kasi maradufu itaokoa sekunde moja hivi kwenye safari hiyo ndefu, na safari zenu nyingi ni fupi kuliko hiyo. Linganisha na sekunde mlizoandika kwenye daftari la chaki kwa kila mkao mbaya mbele ya kiti.

Nguvu nayo. Mota za mizunguko 312 zinazotumika sana kwenye mashindano haya zikikwama hutoa kilogramu-sentimita 24 za kuzungusha. Roboti yenu ikiwa na kilo 12, kila gurudumu limebeba kilo 3. Nusu kipenyo ni sentimita 4.8. Kwa mpira unaoshika mkeka vizuri, tuseme msuguano sawa na uzito, gurudumu litaanza kuteleza mota ikiwa inatoa 3 mara 4.8, yaani kilogramu-sentimita 14.4. Hiyo ni asilimia 60 ya nguvu ya kukwama. Maana yake mkijibana na ukuta, magurudumu yatateleza kabla mota hazijakwama, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mota moja ya namna hiyo ikikwama huvuta ampea tisa hivi. Nne ni 36, na fyuzi ya betri ni ya ampea 20. Kijana akija na wazo la kubadilisha gia mpate mizunguko 1150 "ili tuwe wa haraka", mpe karatasi hii: mota ya kasi hiyo hukwama kwenye kilogramu-sentimita 8 tu, kwa hiyo itakwama kabla gurudumu halijateleza, na fyuzi itakuwa ndiyo mwamuzi wa mchezo wenu.

Rola za mekanamu zinakula sehemu ya mshiko huo. Kwa pembe ya nyuzi 45, kwenda mbele mnabaki na kama asilimia 70 ya msukumo ambao gurudumu la mpira lingeufikia kabla ya kuteleza, na kwenda upande msuguano wa rola wenyewe unapunguza zaidi. Kwa mchezo wa kusukumana hilo ni pigo. Mchezo wenu ni wa rafu. Mtu akija kuwasukuma atawasogeza, na dereva wenu atamzunguka. Nimeona asilimia 30 ya mshiko ikiamua mchezo, lakini ni kwenye michezo ambayo roboti mbili zinagombea mstari mmoja, na maelezo yako hayana kitu kama hicho.

Upande wa pili wa mizani ni swevu yenyewe, na nataka niiheshimu, kwa sababu ni kitu kizuri. Kila gurudumu ni la mpira wa kawaida, lina injini yake na usukani wake. Moduli nzuri huwa na mota zilizotulia juu, nguvu inashushwa kwa gia za pembe hadi kwenye gurudumu, kwa hivyo gurudumu linaweza kujizungusha mara elfu bila kusokota waya. Enkoda inayojua pembe ya kweli tangu umeme unapowaka inaiambia programu gurudumu limeelekea wapi. Programu nzuri haigeuzi gurudumu zaidi ya nyuzi 90: likitakiwa kugeuka 170, linageuka 10 upande wa pili na mota inarudi kinyume. Ukiiona ikifanya hivyo kwa karibu, magurudumu manne yakipinda pamoja kama shingo za kuku wanaosikiliza, unaelewa kwa nini vijana hawalali.

Hesabu ya vifaa sasa. Kanuni inawapa mota nane kwa roboti nzima. Swevu inayogeuzwa kwa mota inakula nane zote, mkono hauna kitu. Kwa hiyo usukani utakuwa wa sevo, nne za kuzunguka bila kikomo, na enkoda nne, na gia za pembe nane, na beringi pana nne za kushika moduli, na kila kimoja kati ya hivyo hamna. Moduli za kununua za zile roboti kubwa za mashindano dada zinauzwa kwa mamia ya dola kwa moja kabla hujaweka mota. Za ukubwa wenu wengi huchapa wenyewe, na mna printa moja kwenye mji ambao umeme ukikatika saa ya sita ya uchapaji unaanza upya. Kisha kuna urekebishaji wa programu: usukani wa kila moduli unatakiwa ufike kwenye pembe haraka bila kupitiliza na kutetemeka, na moduli nne hazifanani kamwe.

Nilishapita njia hiyo. Miaka michache iliyopita nilikuwa nasaidia klabu moja ya sekondari, tukaamua swevu tukiwa na wiki kumi. Uamuzi ulikuwa wangu zaidi kuliko wao. Roboti ilisimama kwa miguu yake wiki ya tisa. Siku ya mashindano, mchezo wa pili, sumaku ya enkoda ya moduli ya nyuma kushoto ililegea kwenye shafti yake, ikasogea nyuzi chache tu. Gurudumu likawa linaamini limenyooka kumbe limepinda, na roboti ikawa inavutana yenyewe kwa yenyewe kama mkokoteni wenye ekseli mbovu. Tulipokuwa tunafungua bolti pembeni, dereva wetu, binti wa kidato cha tatu, alikuwa amesimama na rimoti mikononi. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, sijawahi kuiendesha ikiwa nzima." Nilihesabu baadaye kwenye daftari la klabu: alikuwa ameiendesha dakika 40 kwa jumla, katika wiki kumi. Sumaku tungeweza kuigundisha upya. Zile saa hatukuwa na pa kuzipata.

Ndiyo maana nakuambia wiki ya tatu. Aina ya chasisi mnayochagua inaamua kwanza kabisa ni saa ngapi za uendeshaji zitabaki. Kifaru kinawaachia wiki kumi za mazoezi, mekanamu nane, na swevu kwa vifaa mlivyonavyo inawaachia wiki mbili mkibahatika. Ninampa dereva wangu angalau saa 30 kabla ya mashindano, na ninazigawa: saa za kufuata mstari wa chaki, saa za kupanga rafu bila mpinzani, saa za kupanga rafu huku mwanafunzi mwingine anamkera na kifaru kile cha wiki ya kwanza. Mtaona kazi nyingine ya kifaru sasa. Chagueni madereva wawili, na msiwachague kwa kuwa ni wakubwa au wana nguvu ya kusema. Wapimeni wote 14 kwa saa ileile.

Kuna mambo ya Dodoma ambayo vitabu vya timu za Ulaya na Marekani havikuambii.

Vumbi ni la kwanza. Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo wetu unaingiza unga mwekundu hata kwenye kabati lililofungwa. Mwaka mmoja niliifungua rola ya mekanamu iliyokuwa inakwama. Kwenye kipini chake, ambacho si kinene kuliko njiti ya kiberiti, kulikuwa na nyuzi za mkonge za mkeka wa mlangoni zimejisokota pamoja na nywele na vumbi, zimekuwa kitu kigumu kama kamba ya kiatu iliyolowa ikakauka. Rola tatu kati ya zote za gurudumu lile zilikuwa hivyo, na dereva alikuwa analalamika wiki nzima kwamba roboti "inavuta kushoto". Kila baada ya mazoezi, gurudumu lielekezwe juu, kila rola izungushwe kwa kidole. Isiyozunguka kwa kupulizwa inafunguliwa, inasafishwa kwa brashi kavu. Msitie grisi wala mafuta ya cherehani. Mafuta na vumbi la Dodoma ni msasa. Seti yenu ni ya kurithi, kwa hiyo anzeni na zoezi hilo kesho, kabla ya kuamua chochote, na hesabuni rola zilizopasuka. Zikizidi nne au tano, agizeni mapema, maana vipuri hivi havipatikani mjini. Cheni na beringi utazipata kwenye duka lolote la vipuri vya pikipiki, na shafti utakerezewa na fundi, lakini rola ya mekanamu lazima isafiri.

La pili ni ukavu wa hewa. Unajua ile cheche inayokupiga usiku wa Julai ukivua sweta la nailoni? Roboti inapata hiyohiyo. Magurudumu yanayosuguana na mikeka ya sponji yanakusanya chaji, mwili wa chuma unaibeba, na ikigusa ukuta wa kiwanja au roboti nyingine chaji inaruka kupitia waya zenu. Kontrola inakata mawasiliano, roboti inasimama katikati ya kiwanja, na kila mtu anailaumu programu. Kanuni zinaruhusu waya maalumu wenye ukinzani unaounganisha elektroniki na chasisi. Utafuteni huo, msifunge waya mtupu wa kawaida. Kontrola ifungwe juu ya plastiki au ubao, na waya zisiguse pau.

La tatu ni jua. Plastiki ya PLA inayotumiwa na printa nyingi huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, na gari lililofungwa vioo juani saa nane mchana linafika huko kwenye dashibodi bila shida. Chochote cha kubeba nguvu kichapwe kwa PETG, ambayo inavumilia hadi karibu 80. Mkisafiri, roboti isipande buti la gari. Ipande na ninyi, kwenye basi au treni, ikiwa imefunikwa kanga kwa ajili ya vumbi.

Sakafu ya mazoezi pia. Darasa lenu ni la saruji, na kwenye saruji yenye vumbi mekanamu inateleza kwa namna ambayo haitateleza siku ya mashindano. Mikeka ya sponji ya kuunganisha, ile ya watoto kuchezea, haifanani kabisa na ya kiwanja lakini inasogea karibu. Hata mita mbili kwa mbili zitamfaa dereva kuliko saruji nzima.

Nimalizie na wale vijana wawili wa swevu, kwa sababu wao ndio walioniandikia swali hili kupitia mkono wako. Wapeni mota moja kati ya zile nne zinazobaki mkishamaliza chasisi, sevo moja na enkoda moja, na printa wakati wa usiku pale ambapo timu haiitumii. Wajenge moduli moja. Waifunge kichwa chini juu ya meza kwa jiliwa, gurudumu likiwa hewani, na waweke alama ya Tipeksi kwenye ubavu wa gurudumu. Kisha waandike programu inayoipeleka kwenye nyuzi 0, 90, 180 na 270, bila mpangilio, mara elfu moja, huku mota ya kuendeshea ikienda na kusimama. Baada ya hapo wazime umeme, wawashe tena, waiite 0. Alama ya Tipeksi ikirudi palepale ilipoanzia, bila mtu kuigusa, waruhusu wajenge ya pili Novemba. Ikiwa imesogea hata upana wa ukucha, wana swali la kulitafuta, na nitafurahi wakiniandikia wenyewe wakanieleza walikuta nini kililegea.